Jipu la mwenzako na taulo lako

Ukiona jipu au kidonda chenye usaha, usikimbilie kulikamua. Mara nyingi ni kazi ya bakteria wa stafilokokasi, na huenda hawakutoka mbali: karibu watu 3 kati ya 10 wanao puani bila kuumwa chochote. Shida huanza wakipata mlango, hata mkwaruzo wa wembe tu.

Husambaa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, na kwa vitu vya kuchangia. Hapa ndipo wengi tunajisahau. Taulo lenye unyevu linalotumiwa na watu watatu, wembe mmoja bafuni, shuka la mgonjwa... Kila mtu na vyake, jamani, hata kama mnapendana vipi.

Kidonda kifunikwe kwa bandeji safi na kavu. Ukishabadilisha, ya zamani itupe na unawe mikono kwa sabuni. Homa ikipanda, au wekundu ukizidi kutambaa, nenda hospitali. Antibiotiki zilizobaki za jirani ziache: wapo stafilokokasi sugu, wanaoitwa MRSA, na dawa nyingi za kawaida haziwawezi.