Ramani ya abasia ya kale isikatwe pembezoni: namna ya kuitengenezea fremu

Kabla hujatafuta mbao wala kioo, itandaze karatasi mezani uisome. Iliyoko karakanani kwangu hapa Iringa sasa ni mali ya sista mmoja wa Njombe: ramani ya sakafu ya Fountains Abbey, abasia (yaani monasteri kubwa ya wamonaki) ambayo sasa ni magofu, huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Wamonaki waliianzisha mwaka 1132, ikafungwa mwaka 1539 enzi za Mfalme Henry VIII. Walikuwa Wasitersiani, wafuasi wa kanuni ileile ya Mtakatifu Benedikto inayoshikwa leo na wamonaki wa Peramiho na Hanga. Sista hakuhitaji mwalimu: alipitisha kidole kanisani, akashuka kwenye ua wenye varanda pande zote nne, akaonyesha ukumbi wa mikutano mashariki na chumba cha chakula kusini. Kilichomshangaza ni jengo la magharibi, lenye urefu wa karibu mita 90, ambalo chini yake kulikuwa na ghala.

Sasa tazama pembezoni. Shule ya msingi tulikariri: jina la ramani, ufunguo, dira, kipimio, fremu. Kwenye michoro ya namna hii rangi au mistari ya mshazari ndani ya kuta hutofautisha vipindi vya ujenzi, na maana yake iko kwenye ufunguo. Kipimio mara nyingi kiko kwa futi, na futi moja ni sentimita 30.48. Mafundi wengi hukata pembezoni ili karatasi iingie kwenye fremu iliyokwisha tengenezwa. Nimefundisha uchoraji wa kiufundi sehemu kubwa ya maisha yangu, na jambo hili linaniuma. Ukikata kipimio na ufunguo, umebaki na pambo la ukutani. Fremu ndiyo ifuate karatasi.

"Mwalimu, si uibandike tu kwenye hadibodi ikae bapa?"

Hapana, Sista. Gundi ya mbao ikishika karatasi haiachii, na asidi ya hadibodi huigeuza karatasi rangi ya kahawia mpaka inakatika ukiikunja. Kila unachokifanya kwenye karatasi ya zamani kiweze kutenguliwa na atakayekuja baada yako.

Usafishaji uwe mdogo. Vumbi liondoe kwa brashi laini, kutoka katikati kwenda nje. Maji usiguse, maana rangi zilizopakwa kwa mkono huweza kukimbia, na dawa ya kung'arishia nguo usiikaribishe kabisa. Madoa ya kahawia yaache.

Kuishikilia, kunja vipande vya karatasi nyeupe isiyo na asidi viwe vimfuko vinne vya pembetatu. Chomeka kila pembe ya ramani ndani ya kimfuko, kisha gundisha vimfuko, si ramani, kwenye kadi nene isiyo na asidi. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 kila upande, kwa sababu karatasi hutanuka masika na kusinyaa kiangazi. Juu yake weka kadi nyingine iliyokatwa dirisha, ili kioo kisiguse wino. Dirisha hilo lionyeshe ufunguo na kipimio pia. Kazi hii ifanye kati ya Juni na Oktoba. Ukifunga fremu wakati wa mvua, unafungia unyevu ndani na ukungu utaota.

Mbao: paini ya Sao Hill inatosha, mradi iwe imekauka kwelikweli. Ikiwa mbichi itapinda na pembe zitaachana. Epuka vipande vyenye vifundo, vinatoa utomvu. Kata pembe kwa nyuzi 45, na ndani ya mfereji unaopokea kioo bandika foili ya jikoni ili mbao isigusane na kadi. Kioo cha milimita 3 chenye sentimita 60 kwa 80 kina uzito wa kilo 3.6 hivi, kwa hiyo tundika kwa skrubu mbili zenye plagi. Msumari mmoja kwenye tofali la kuchoma usiuamini.

Mahali pa kutundika ramani yenyewe inakudokezea. Wamonaki wale waliweka ua wao kusini mwa kanisa, upande ambao jua la Uingereza hupita. Kwetu huku, mwezi Juni jua liko kaskazini, na Desemba linahamia kusini kidogo. Basi chunguza mwanga wa dirishani katika miezi yote miwili kabla hujachagua ukuta. Jua la moja kwa moja hufifisha rangi za ufunguo, na rangi hizo zikipotea karne zote za ujenzi zinafanana. Chagua ukuta wa ndani, maana kuta za nje za nyumba zetu nyingi hunyonya maji kutoka chini. Na kama wakati wa baridi mnaingiza jiko la mkaa sebuleni, ramani ikae chumba kingine.

Nyuma ya fremu, pembe za chini, gundisha vipande viwili vya koki (kama kizibo cha chupa ya mvinyo) ili hewa ipite. Kwenye kadi ya nyuma andika kwa penseli jina la abasia, ilikotoka karatasi na mwaka ulipoifunga fremu. Mvua zikiisha, mwezi wa tano, ishushe uangalie mgongo wake: ukiona ukungu, fungua, toa kadi zilizolowa, iache ramani ikauke kivulini siku kadhaa, kisha weka kadi mpya.