Kuandika shairi la utoto uliopita: anza na kitu, huzuni itafuata

Mashairi mengi ya utoto ninayoletewa niyapitie huanza kwa kuuita: ewe utoto, umekwenda wapi? Uchungu uliomo ni wa kweli, ila msomaji hapewi cha kushika. Mimi hufanya hivi.

Hatua ya 1: Tafuta kitu kimoja

Kiwe kitu ambacho mwili wako ulikizoea ukiwa mdogo, na leo hakikutoshi. Changu ni mbuzi ya kukunia nazi ya bibi mzaa mama. Alifariki nikiwa darasa la tano. Miaka mingi baadaye nilikaa kwenye kibao kile kile nikune nazi, magoti yakanipanda hadi kifuani. Nilimlilia siku hiyo kuliko siku ya mazishi.

Mwana Kupona, mshairi wa kisiwa cha Pate, alipomtungia binti yake wosia mnamo 1858 akiwa mgonjwa, alimwita kwanza akae karibu, aje na wino na karatasi. Watu huutaja utenzi ule kwa mafunzo yake ya ndoa. Mimi hurudi hapo kwenye wino: binti ameshika kalamu, na mama yu karibu kuondoka.

Hatua ya 2: Simulia kwa nathari

Sentensi tano za maelezo ya kawaida, yasiyo shairi, zatosha. Usitumie neno "huzuni" wala "kumbukumbu". Andika nani alikaa wapi na mikono ilishika nini.

Hatua ya 3: Tia kwenye mizani

Natumia tarbia, ubeti wa mishororo minne: kila mshororo una mizani (silabi) 8 kwenye ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 kwenye utao, nusu ya pili. Ubeti wangu huu hapa:

*Kibao kile jikoni, bibi alichokalia,*
*Nilijibanza pembeni, kifuu kukingojea,*
*Leo nipo kibaoni, magoti yanizidia,*
*Kifuu ki mkononi, hakuna wa kungojea.*

Hesabu kwa vidole. "Mkononi" ina mizani nne, kwa kuwa "m" hiyo hutamkwa peke yake: m-ko-no-ni. "Pembeni" ina tatu: pe-mbe-ni. Wanaoanza hukosea hapa mara kwa mara, kisha hulazimika kuchomeka "sana" au "kweli" kujaza pengo. Maneno hayo ya kujazia huua ubeti.

Hatua ya 4: Pigania kituo

Kituo ni mshororo wa mwisho wa ubeti. Hapa ndipo utatumia muda mwingi, na usiuonee uchoyo. Mara ya kwanza niliandika "moyo wangu waumia". Mizani nane, kina (sauti ya mwisho inayofanana na ya mishororo mingine) kimekaa, na ubeti ukafa. Niliufuta kwa sababu ulimweleza msomaji ahisi nini. Nikarudi mshororo wa pili, nikaona neno "kungojea" tayari limebeba kila kitu: pale juu yupo mtoto anayengoja kifuu akachezee kupikapika. Nikalirudisha chini, safari hii pasipo mtoto. Kabla ya kusaka neno jipya la kituo, angalia kama ulishaliandika juu.

Hatua ya 5: Lighani

Soma kwa sauti, ikiwezekana mbele ya mtu aliyemjua marehemu. Mama yangu alinisikiliza, akaniuliza mbona sikutaja kwamba kibao kile kilikuwa na mguu mmoja mfupi, bibi alikuwa akiutilia kigae. Nilikuwa nimesahau kabisa. Ubeti wa pili ukaanzia kwenye kigae.