Kichanja cha mzabibu nyumbani, usikijenge kama kibanda cha chipsi

Wadau, tukisikia zabibu akili inakimbilia Dodoma, na kweli kule ndo kwake, jua kali na hewa kavu, ila hata hapa Dar mzabibu unaota na kutambaa vizuri tu, shida inakuja kwenye kichanja, yaani lile fremu la nguzo na waya ambalo mzabibu unatambaa juu yake. Mimi cha kwanza nilijenga na mirunda ya bei chee nikaifukia tu mchangani, majani yakajaa kivuli mpaka raha, masika ya pili ikanyesha usiku mzima asubuhi nakuta kila kitu kimelalia kamba ya nguo na sare za shule za watoto. Kuangalia chini, mchwa walishakula nguzo zote usawa wa ardhi, juu mti mzima, chini unga.

Kwaiyo sasa natumia chuma. Kama mfuko unaruhusu miti tu, basi tafuta ile iliyotiwa dawa kama nguzo za umeme, na oili chafu mi sishauri kabisa, unaimwaga kwenye udongo uleule unaomlisha mzabibu wako.

Kabla hujanunua kitu zunguka uwanja asubuhi na tena alasiri uone jua linapiga wapi, huu mti unataka jua la kutosha. Na usijenge juu ya chemba ya choo, siku gari la kunyonya likija utalia.

Vipimo vyangu ni futi 10 kwa 8, nguzo nne, bomba la inchi 2. Bomba linauzwa la mita 6, mwambie fundi alikate katikati unapata nguzo mbili za mita 3, yaani mabomba mawili yanamaliza kazi. Futi 3 ziende chini, kama 7 zibaki juu, usipunguze hapo, maana vishada vikianza kuning'inia utakuwa unapita umeinama kama umesimama kwenye daladala ya Hiace. Kupata kona ya mraba vuta uzi, pima futi 3 upande huu, 4 upande ule, ulalo ukija 5 kamili uko sawa, halafu pima kona kwa kona kukatiza katikati, namba zote mbili zilingane.

Mashimo sasa. Mchanga wetu, hasa Kigamboni na huko kando ya bahari, unabomoka ovyo, chimba upana wa futi moja na nusu, na chini ya bomba mwambie fundi achomelee kipande cha nondo kikate msalaba ili nguzo isizunguke wala kung'oka. Zege ndoo moja ya simenti, mbili mchanga, nne kokoto, liwe zito lisiwe uji, na tafadhali mchanga wa ufukweni usiuguse, ule una chumvi inakula chuma. Weka pima maji pande mbili za nguzo, ishikilie na mbao, na zege uliache limepanda kidogo juu ya ardhi likiteremka kama kofia, maji yakituama pale kutu inaanzia hapohapo. Limwagilie siku saba na usining'inize chochote.

Juu zungusha skweapaipu, yaani bomba la pembe nne, ndo boriti zako hizo, na kila kona weka mkono wa mshazari kutoka kwenye nguzo kwenda kwenye boriti. Fundi atakwambia bosi hiyo haina haja, we mwambie weka. Watu wanaogopa uzito wa zabibu wakati kinachoangusha ni kusi, upepo ukikamata yale majani yaliyolowa kichanja kinasukumwa ubavuni kama tanga la jahazi. Midomo ya bomba izibwe kwa kibati, isijae mvua ikaoza kwa ndani, kisha rangi ya kuzuia kutu, palipochomelewa pita mara mbili.

Waya chukua usioshika kutu, unene wa geji 12, tandaza kila baada ya futi moja na nusu na ukaze mpaka ukiupiga kidole unalia. Wavu wa kuku hapana, mzabibu unajisokota kwenye vitundu vyote, siku ya kupogoa utaukata pamoja na wavu.

Mche ukishika acha shina moja tu lipande na nguzo, lifunge kwa vipande vya khanga iliyochakaa kwa umbo la nane, legelege, sio waya wa kufungia nondo maana shina likinenepa unalinyonga. Likifika juu kata ncha, chukua matawi mawili uyapeleke kulia na kushoto kwenye waya. Na hewa yetu hii ya unyevu inaleta ukungu haraka, kwaiyo pogoa mpaka ukisimama chini ukatazama juu unaona vipande vya mbingu.