Kisu cha kuchunia porini: chukua kidogo, na chukua unachoweza kukinoa mwenyewe

Kisu changu cha kwanza cha porini kilikuwa na msumeno mgongoni, dira kwenye kitako cha mpini, na ukifungua ule mpini unakuta ndoano ya samaki na njiti tatu za kiberiti. Nilikinunua kwa mchuuzi mmoja mjini, najiona komando kabisa. Sasa siku imefika, saa kumi jioni, swala pala dume ameanguka, ameshachinjwa, jua bado linachoma, mjomba ananiambia haya fungua tumbo. Nikachomeka ile ncha, na vile ilikuwa nyembamba imechongoka kama mwiba ikapita ngozi, ikapita nyama, ikaenda moja kwa moja kwenye tumbo la majani. Psssss, kama tyubu ya baiskeli. Uchafu wote wa kijani ukamwagikia minofu ya paja, na harufu yake anayeijua anaijua.

Mjomba hakusema kitu. Alikuwa mchunaji kwenye kambi za uwindaji huko Rungwa miaka mingi, sisi tulizoea kumwita skina. Akachomoa chake, kidogo mno nikadhani cha kumenyea machungwa, mpini wa plastiki umezungushiwa mpira wa tyubu, akakata na kutupa sehemu yote iliyochafuka halafu akamaliza mnyama mzima nacho huku anavuta sigara. Mengi ya hapa chini nimeyapata kwake, mengine nimeyapata kwa kuharibu nyama.

Urefu kwanza, maana hapo ndo watu wengi wanapotea. Kwa swala, pongo, ngiri, hata kongoni, na mbuzi wako wa nyumbani, makali ya sentimita 9 hadi 11 yanatosha na yanabaki. Sababu yenyewe utaielewa siku umeingiza mikono miwili kifuani mwa mnyama hadi kwenye kiwiko unatafuta koromeo ulikate, huoni kitu, damu imejaa, unafanya kazi kwa kupapasa tu. Kisu kikiwa kifupi kidole cha shahada kinalala juu ya mgongo wa kisu mpaka karibu na ncha, kwahiyo unajua ncha iko wapi hata gizani. Kikiwa kirefu hujui, na ncha usiyojua ilipo itakutana na kibofu, au nyongo, au mkono wako mwingine. Mkono wako mwingine ndo kawaida.

Unene wa chuma, milimita mbili na nusu au tatu. Ukienda zaidi ya hapo umenunua patasi.

Ncha sasa. Kuna kisu ambacho mgongo wake unashuka taratibu kuelekea mbele, ncha inakaa chini karibu na usawa wa katikati ya bapa, na makali yana tumbo lililojaa kidogo. Chukua hicho. Ile ncha iliyochongoka kwenda juu inapendeza kwenye picha lakini inatoboa kila kitu inachogusa. Na ukiona kile kindoano kimechongwa mgongoni, wanasema cha kupasulia tumbo bila kugusa utumbo, ni kweli siku ya kwanza kinapasua vizuri mpaka unamsimulia jirani, siku ya tatu kimejaa manyoya na mafuta, kimekuwa butu, na hakuna jiwe linaloingia pale ukinoe. Mimi sikinunui.

Tena hicho kindoano hukihitaji ukijua kupasua. Unatoboa tundu dogo chini ya kidari au karibu na kinena, unaingiza vidole viwili vya mkono wa kushoto, unaviachanisha kama herufi V na kuinua ngozi juu kidogo, halafu kisu kinapita katikati ya vidole makali yakitazama juu, mbinguni, sio chini. Vidole vinasukuma tumbo na utumbo chini, makali yanakata kutoka ndani kwenda nje. Hapo umepata faida mbili kwa mpigo, hutoboi tumbo, na pia hukati manyoya kwa juu. Watu hawajui kwamba kinachoua makali sio nyama, nyama ni laini, kinachoua ni manyoya yaliyojaa mchanga na udongo. Nyati aliyetoka kugaagaa kwenye tope ana saruji mwilini. Ukikata ngozi kwa juu sentimita thelathini tu unaanza kuomba jiwe.

Halafu kuna siri ya wachunaji, kisu chenyewe hakifanyi kazi kubwa kama unavyofikiria. Kwa mbuzi na swala, ukishapasua mistari ya miguu na tumbo na ukapata pa kushika, weka kisu pembeni, ngozi inatoka kwa ngumi. Mkono mmoja unavuta ngozi, ngumi ya mkono wa pili inasukuma kati ya ngozi na nyama, na utandu mweupe unaachia wenyewe mnyama akiwa bado wa moto. Kisu unakirudia pale panapogoma, kwenye mkia, magoti, kidari. Ngozi inatoka nzima bila matundu na kama unaiuza au unataka kuiwamba mnunuzi hakushushi bei.

Tuje kwenye chuma, hapa watu wanagombana kama Simba na Yanga. Ugumu wa chuma cha kisu unapimwa kwa kipimo cha Rockwell, na visu vingi vya kazi viko kati ya 55 na 60. Visu vya bucha vya Victorinox, Mswisi yule, viko kama 56, yaani vinapoteza makali mapema kidogo lakini ukivipitisha mara chache kwenye lile chuma la mviringo wanalotumia watu wa bucha makali yanarudi. Vyuma vya kisasa vya 60 na kuendelea vinakaa na makali muda mrefu kweli, sibishi, ila vikishakufa uko kilomita 80 kutoka barabarani utahitaji jiwe la almasi na subira ya Ayubu. Kwahiyo ushauri wangu kwa mtu wa kawaida, 56 hadi 58 na mambo yanaenda. Na kisu kikiwa kimegongwa muhuri D2, jina la aina ya chuma kigumu, halafu bei yake ni ya sahani ya chipsi mayai, jua umeuziwa maandishi.

Kaboni au stenlesi? Kaboni ni rahisi kunoa, lakini usiku mmoja tu na damu, asubuhi kina madoa ya kutu. Ukiwa mwindaji wa pwani, au mvivu kama mimi, chukua stenlesi. Mora ya Sweden, ile Companion ya mpini wa plastiki, wanatengeneza aina zote mbili, makali yake kama sentimita 10 na kitu, na ng'ambo inauzwa kama dola 20 hivi. Ukiwa na ndugu huko anakuja likizo mwambie akuletee hiyo, aiweke kwenye begi la kwenda chini, sio la mkononi, atapokonywa. Kuna wataalamu watakwambia usinunue kisu ambacho chuma chake hakijapita mpaka mwisho wa mpini. Chuma cha Mora hakifiki mwisho na sijaona aliyeivunja kwa kuchuna. Aliyeivunja alikuwa anapasulia kuni.

Mpini ndo kitu cha kukaa nacho dukani. Usiangalie, shika. Muombe muuzaji maji na sabuni kidogo, lowesha mkono uteleze, halafu shika kisu na sukuma mbele kama unachoma (kikiwa ndani ya ala yake, tusiumizane). Mkono ukiteleza kuelekea kwenye makali kirudishe, maana porini mkono utakuwa na damu na mafuta na vyote viwili vinateleza kuliko sabuni. Pawe na kinundu au kizuizi pale kidole kinapoishia. Plastiki yenye mpira juu ni nzuri kuliko zote japo haina sura. Mpini wa mpingo ni mzuri mno, mzito, mweusi, na ukisuguliwa ukang'aa unateleza kama samaki. Mbao nyingine za kawaida zinanyonya damu na baada ya msimu kisu kinanuka hata ukikiosha vipi.

Rangi pia. Chungwa, nyekundu, chochote kinachopiga kelele. Kisu cha mpini wa kijani au kahawia ukikiweka chini mara moja kwenye nyasi kavu, umekiaga. Ndo maana mjomba alifunga utepe mwekundu kwenye chake.

Vya kukunja je? Kuna wengi wamekua na Okapi mfukoni, ile ya pete mgongoni inayolia krrr ukiifungua. Historia yake ni ndefu, ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya soko la Afrika, siku hizi inatengenezwa Afrika Kusini. Kwa nanasi na kamba ni kisu kizuri. Kwa kupasua mnyama kisu chochote cha kukunja kina shida moja, ule mfereji wa mpini unajaa damu, mafuta na manyoya, na kuvitoa ni kazi ya mswaki na maji moto nusu saa. Kama unakitaka basi kiwe na loki ya maana. Vile vya kubadilisha wembe kama Havalon ni vikali kupita kiasi, wachunaji wanavipenda kwenye kichwa cha nyara, kuzunguka macho na midomo, ila wembe ukiulazimisha kwenye kiungo unakatika na kipande kinabaki ndani ya nyama. Fikiria nani atakiuma.

Mnyama mkubwa ni hesabu nyingine. Nyati dume ana kilo 600 hadi 800, ngozi ya shingo ni kama mkanda wa mashine ya kusaga, hapo kile kidogo kinabaki cha kufungulia tu na unaongeza kisu cha bucha cha sentimita 15, tena viwe viwili, wawili wanachuna na wa tatu kazi yake kunoa. Mifupa ya nyonga na kidari tumia msumeno mdogo au shoka, usipigie kisu kwa jiwe. Na kuchinja pia kisu chake ni kirefu, sentimita 15 hadi 20, na kikali, ili shingo ya mnyama ipite haraka asiteseke, dini yenyewe imeagiza kunoa. Kwenye msafara wetu Muislamu mmoja ndo alikuwa anakimbia mbele kuwahi kabla roho haijatoka, akichelewa nusu ya watu hawali.

Wahunzi wetu msiwadharau. Kisu kilichofuliwa kutoka springi ya gari ni chuma cha kweli, na kikipozwa vizuri kwenye mafuta kinakaa na makali kuliko vingi vya dukani. Shida ni kwamba vinatoka vinene, na huwezi kujua alikipozaje. Pitisha tupa kidogo kwenye makali, ikiteleza bila kung'ata chuma kimeiva, iking'ata kama inakata shaba mwachie kisu chake.

Kunoa. Jiwe la pande mbili, upande wenye punje kubwa namba 400 hivi na laini 1000, maji, na pembe ya kama nyuzi 20 kila upande, yaani mgongo wa kisu unainuka kidogo tu. Porini ukikosa jiwe pindua kikombe cha kauri, ile duara ya kitako isiyo na rangi inanoa vizuri ajabu. Usimpelekee kisu cha maana yule jamaa wa baiskeli yenye jiwe la kuzunguka, ni mtu mwema na visu vya jikoni anavitendea haki, lakini jiwe linapata moto, na makali yakishageuka bluu kile chuma kimelainika, hakirudi.

Kabla hujaenda popote, karatasi. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, kwahiyo huko hivi visu ni vya mbuzi na ng'ombe basi. Tanzania unahitaji leseni, na kukutwa ndani ya hifadhi na kisu au panga bila kibali ni kosa lenyewe hata kama hujagusa mnyama, watu wameingia jela kwa hilo. Na mnyama uliyemkuta amekufa mwenyewe, hasa damu nyeusi inatoka puani na nyuma na haigandi, usimguse, usimpasue hata ukiwa na kisu cha dhahabu. Hiyo inaweza kuwa kimeta, ukifungua mzoga umevitoa vijidudu nje. Toa taarifa kwa ofisa wa wanyamapori au wa mifugo. Hata kwa mnyama asiye mgonjwa mimi navaa glavu siku hizi, zamani tulikuwa tunacheka wanaovaa.

Ukimaliza, maji ya baridi kwanza, ya moto yanagandisha damu kwenye kona za mpini, halafu ndo sabuni na maji moto. Kausha, paka mafuta ya kula kidogo, sio oili ya pikipiki, kesho kisu hicho hicho kitakata nyama. Ala ya ngozi usikilaze humo, inatunza unyevu na damu ya jana na chuma kinaota kutu humo humo, mimi nazungushia gazeti. Ala ya plastiki iwe na tundu chini, uisukutue, uitundike mdomo ukiangalia chini mpaka iishe kudondosha. Niliwahi kuisahau moja kwenye buti la gari wiki nzima mwezi wa pili, mke wangu akadhani kuna panya amefia kwenye injini.