Jiwe la sakafu na ukuta Mombasa: lijaribu kwa maji, chumvi na ndimu

Wateja wengi huja na picha kwenye simu: "Fundi, nataka kama hii." Ila picha haisemi kama jiwe litakaa sebuleni Tudor au kwenye ngazi za nyumba inayotazama bahari kule Nyali. Rangi iache iwe ya mwisho.

Hatua ya 1: Pita nyumba nzima na karatasi

Kila mahali andika ni nini kitaligusa jiwe. Sebuleni ni mchanga unaoingia na viatu. Jikoni ni ndimu, ukwaju, manjano na mafuta. Uani, bafuni na pale pa kutawadhia ni maji, sabuni na miguu mitupu. Ukuta wa nje unapigwa na upepo wa chumvi mwaka mzima.

Hatua ya 2: Yajue mawe yenyewe

Matumbawe ndiyo jiwe letu la asili. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, ina kuta za matumbawe na bado imesimama. Lakini ni jiwe la ukuta. Ni laini, lina vitundu, hunywa maji, na sakafuni litaliwa upesi. Ukutani lipige chokaa. Simenti nzito au rangi ya mafuta huufungia ndani unyevu unaopanda kutoka ardhini, kisha plasta inabambuka na lawama anabebeshwa fundi wa rangi.

Mawe ya Mazeras na Galana ni mawe ya mchanga yanayopasuka kwa vibapa. Kwa njia ya bustani, veranda na kando ya bwawa, mimi huyapendekeza kabla ya yote, maana uso wake una mikwaruzo ya asili na mguu hautelezi. Tatizo lake ni unene usiolingana. Fundi mvivu atalificha kwa simenti nyingi chini, kwa hivyo mwambie ayapange kwa unene kabla ya kuanza.

Marumaru ni nzuri kwa macho, ila ni laini: punje ya mchanga wa kwarzi ni ngumu kuliko yenyewe na itaichora. Iweke chumbani au ukutani. Graniti ndiyo ya jikoni.

Hatua ya 3: Omba kipande, ukijaribu nyumbani

Usikubali kuchagua kwa kutazama tu. Muuzaji anayekataa kutoa kipande, mwache.

Kwanza tone la maji. Likiacha doa jeusi baada ya dakika chache, jiwe hilo linanyonya, na mafuta ya samaki yatafuata njia hiyo hiyo. Ukitaka hesabu kamili, pima kipande kikavu kwenye mizani, kiloweke siku nzima, kipanguse, kipime tena. Cha gramu 2,000 kikirudi na 2,100 kimenyonya asilimia 5. Graniti nzuri haifiki hata nusu asilimia.

Pili kamulia ndimu, uache robo saa, uoshe. Likitoa povu au mng'ao ukififia, lina chokaa ndani, basi jikoni halifai. Kuna mawe meusi yanayouzwa kwa jina la graniti, na ndimu huyaumbua.

Tatu mwaga maji ya sabuni, upande juu bila viatu, huku umeshika kitu, uone kama unateleza.

Hatua ya 4: Uso na unene

Jiwe moja laweza kuwa na nyuso mbili tofauti. Graniti iliyong'arishwa bafuni ni hatari. Agiza iliyochomwa moto uso ili iwe na ukakasi. Kando ya bwawa epuka rangi nyeusi, jua la saa saba litakuonyesha sababu. Panapopita gari, vibapa vyembamba havitoshi hata kama zege la chini ni imara.

Kwa ukuta, fikiria uzito. Graniti ya milimita 20 ina kama kilo 54 kwa mita ya mraba. Juu kuliko kimo cha mtu, usitegemee gluu peke yake. Tia pini za chuma kisichoshika kutu. Pini ya kawaida hapa pwani huota kutu, huvimba na kulipasua jiwe kutoka ndani.

Hatua ya 5: Maji na mchanga wa kujengea

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia. Visima vingi vya mjini vina maji ya chumvi. Ukichanganyia simenti maji hayo, au mchanga wa ufuoni, chumvi itapanda na kutoka juu ya jiwe kama unga mweupe, na kuosha hakuimalizi. Nunua maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na mchanga wa mto. Kisha subiri simenti ikauke vizuri kabla ya kupaka dawa ya kuziba vitundu, la sivyo unyevu utafungiwa chini yake.

Hatua ya 6: Kununua

Hesabu eneo lako, ongeza asilimia 10 ya kukatika na kuvunjika, uchukue yote kutoka mzigo mmoja, kwa sababu mzigo wa pili mara nyingi hauji na rangi ile ile. Yapange chini makavu bila simenti, uyatazame asubuhi na jioni, na lililokuudhi libadilishe saa hiyo.