Jinsi ya Kutafuta Gesi Baridi Pembezoni mwa Makundi ya Galaksi

Gesi iliyojaa katikati ya kundi la galaksi ina joto la mamilioni ya kelvini na huonekana kwa eksirei, lakini pembezoni, ambako gesi mpya bado inaingia, imo pia haidrojeni ya kelvini 10,000 hivi, nyembamba mno kiasi kwamba mng'ao wake hauonekani. Mwanafunzi wa fizikia aliye Makerere au Mbarara anaweza kuitafuta bila kumiliki darubini, kwa kuwa data za darubini ya angani ya Hubble zinatolewa bure katika hifadhi ya mtandaoni ya MAST, na mafaili ya spektra, yaani nuru iliyotawanywa kulingana na urefu wa mawimbi, si mazito.

Kinachotafutwa ni kivuli. Kwasari, yaani kitovu king'avu mno cha galaksi ya mbali, iliyo nyuma ya kundi hutoa nuru, na haidrojeni iliyo njiani huinyonya kwenye nanomita 121.57, na kuacha bonde katika spektra. Anza na kundi la Coma, lililo umbali wa takriban miaka-nuru milioni 320; kundi la Virgo liko karibu zaidi, ila baadhi ya mabonde yake humezwa na haidrojeni ya Njia Nyeupe, galaksi yetu. Chagua kwasari zilizo digrii moja hadi mbili kutoka kitovu cha Coma, ambapo digrii moja ni miaka-nuru milioni 5.6. Pakua spektra za COS, chombo cha Hubble cha kupima urujuanimno, zifungue kwa lugha ya programu ya Python, kisha chunguza nanomita 123.6 hadi 125.2, kwa kuwa Coma linatukimbia na kasi hiyo husogeza bonde hadi huko.

Hapa ndipo penye kazi hasa. Naitrojeni ya Njia Nyeupe iliyopoteza elektroni nne huacha mabonde kwenye nanomita 123.88 na 124.28, ndani kabisa ya eneo la Coma. Ukiyaona yote mawili, la kwanza likiwa na nguvu karibu maradufu ya la pili, yaondoe. Hakikisha pia kwamba lililobaki si la gesi iliyo mbali zaidi, kati ya Coma na kwasari.

Upana wa bonde hutoa kikomo cha joto: kigezo cha Doppler (kipimo cha upana huo kama kasi) cha kilomita 13 kwa sekunde humaanisha kelvini 10,000, na cha 40 karibu 100,000. Ni kikomo cha juu tu, kwani msukosuko nao hupanua bonde. Wala usikate shauri kwamba gesi imo ndani ya kundi kwa kutazama kasi pekee, kwa sababu ile inayoanguka kutoka mbele au nyuma inaweza kuwa na kasi hiyo hiyo. Utafiti wa Virgo uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta gesi hii ikikwepa sehemu zenye gesi moto. Weka matokeo yako juu ya ramani ya eksirei ya Coma uone kama mpangilio ni huo huo.