Laini Ikivuka Mpaka: Jinsi ya Kuzuia Roaming Isimalize Salio

Bando la GB 10 ulilonunua Dar es Salaam au Mombasa halina kazi Dubai, hata kama limebakiza wiki tatu. Hapo ndipo wengi wanapoliwa. Simu ikishashika mtandao wa kule, kila MB inakatwa kwenye salio la kawaida kwa bei ya roaming (kutumia laini ya nyumbani kwenye mtandao wa nchi nyingine), na mwenye laini ya kulipia mwisho wa mwezi hukuta deni kwenye ankara. Tuseme bei ni shilingi 1,000 kwa MB. Video moja ya MB 15 ikijipakua kutoka grupu la ukoo, 15,000 imeondoka, na hata hujaifungua.

Kwa hiyo zima roaming ya data kabla ya kutoka nyumbani. Kwenye Android ingia setingi, sehemu ya mtandao na SIM, gusa jina la laini, zima Roaming. Kwenye iPhone ni Mobile Data, halafu Data Roaming. Simu ya laini mbili ina swichi mbili, kila laini na yake. Kama simu yako ina kipengele cha kuhamia data ya laini nyingine mtandao ukiwa dhaifu, kizime pia, maana ndicho kinachowaponza waliokwisha kununua laini ya kule. Ndani ya WhatsApp zuia kupakua picha na video ukiwa kwenye roaming.

Kinachosahaulika ni daivati, yaani mpangilio wa kupeleka simu unazopigiwa kwenye namba nyingine. Uko Muscat, mtu wa Tanga anakupigia, hupokei. Simu hiyo imeshafika Oman ndipo inarudishwa nyumbani kwenye ujumbe wa sauti: safari mbili za kimataifa, na zote mbili zinaweza kuhesabiwa kwako. Kagua kwa *#61# (usipopokea), *#67# (ukiwa unaongea) na *#62# (usipopatikana). Ukikuta namba yoyote imewekwa, piga ##002# kufuta daivati zote. Fanya hivyo ukiwa bado nchini.

Ukiamua kununua bando la roaming, waulize huduma kwa wateja: linafanya kazi nchi zipi, kwenye mtandao upi wa nchi hiyo, na likiisha data inakatika au inaendelea kwa bei ya kawaida? Swali la pili ndilo zito. Bando linaweza kukubali mtandao mmoja tu wa kule, na simu ikijichagulia mwingine unalipa kama huna bando. Ingia setingi, zima uchaguzi wa mtandao wa kiotomatiki, chagua uliotajiwa. Swali la kwanza nalo lina mtego wake: ukibadilisha ndege Addis Ababa au Doha na bando lako ni la Dubai pekee, iache simu kwenye hali ya ndege mpaka ufike. Hata angani usiiondoe, kwani baadhi ya ndege zina mtandao wao wa simu, mfano AeroMobile, na bei zake ni za peke yake.

Kwa safari inayozidi siku chache, laini ya kule au eSIM (laini isiyo na kadi, inayowekwa ndani ya simu) kwa kawaida ni nafuu kuliko roaming. Laini ya nyumbani ibaki hewani kwa ajili ya SMS za benki tu. Kupokea SMS mara nyingi ni bure, ila kupokea simu mara nyingi hulipiwa. WhatsApp ikikuuliza kama ubadilishe namba, kataa. Ukiwa Falme za Kiarabu, usishangae laini ya kule ikikataa simu za WhatsApp: zimezuiwa, meseji tu ndizo zinazopita. Wenye iPhone wajue kwamba kuwasha iMessage, huduma ya meseji ya Apple, hutuma SMS ya kimataifa kimyakimya.

Si lazima upande ndege. Namanga, Holili, Horohoro na vijiji vya Rombo, simu inaweza kushika mnara wa Kenya huku mwenyewe umekaa sebuleni Tanzania. Dawa ni ileile ya kuchagua mtandao kwa mkono, safari hii ukichagua wa nyumbani. Mpango wa roaming wa Afrika Mashariki ulioanza 2014 kwa Kenya, Uganda na Rwanda ulishusha bei za kupiga na kufuta ada ya kupokea, lakini ulianzia kwenye sauti, si data.

Ukikatwa isivyo halali, piga picha ya skrini ya salio na SMS za makato, andika saa, kisha mpe mtoa huduma na udai namba ya lalamiko. Asipokujibu, peleka kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kwa aliye Kenya. Kumbukumbu za matumizi hutoka kwa kampuni ya kule na zinaweza kuchelewa, ndiyo maana makato mengine hujitokeza siku kadhaa baada ya kurudi. Omba orodha yenye tarehe ya matumizi yenyewe, si tarehe ya makato, kabla hujaanza kubishana.